Mwalimu Kengele na Ukungu wa Alfajiri

Kila siku, saa kumi na moja kasoro dakika tano alfajiri, mwalimu wa michezo wa chuo alitoka nyumbani kwake na kengele ya shaba mkononi, akayazunguka mabweni yote manne akiigonga bila huruma. Wanafunzi walimpachika jina la Kengele. Badala ya kukasirika, alilipokea kama mtu aliyepandishwa cheo. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mwembamba, miguu yote mishipa, na alikuwa na maradhi mamoja yasiyo na dawa: alifurahia kila kitu. Jua likichomoza, anafurahi. Lisipochomoza, anafurahi vilevile, maana leo hakuna joto. Mkewe alikuwa akiwaambia watu kwamba kazaa watoto watatu na kulea wanne.

Hakuna kilichomfurahisha kuliko ukungu wa uwanjani. Uwanja wa chuo ulikuwa bondeni, umezungukwa na miteremko ya nyasi ambako watazamaji hukaa, na alfajiri ukungu mweupe ulijaa humo ndani, umetulia tuli, hata mwisho wa uwanja huuoni. Kengele alisimama katikati na suti yake ya michezo ya rangi ya machungwa akiwahimiza vijana. Vuteni, aliwaambia, vuteni kwa pua mpaka tumboni, hewa hii watu wa mjini wanaililia. Vijana walivuta, wakakohoa, naye akawaambia ndiyo kifua kinafunguka hicho.

Zamani mazoezi yalikuwa saa kumi alasiri. Miaka miwili nyuma barabara inayopita juu ya uwanja ilipanuliwa, malori yakaanza kupishana mchana kutwa, na Kengele akaapa hatawalisha wanafunzi wake moshi wa malori. Akayahamishia mazoezi alfajiri, kabla lori hata moja halijawashwa. Alijiona kafanya jambo la maana, na kwa kweli alilifanya kwa moyo safi.

Ila mambo yaligoma kwenda. Walianza vijana sitini. Baada ya miezi michache wakawa thelathini, kisha kumi na wanne, na sasa walikuwa tisa, nao wanakuja wakiburuta miguu. Wengine walijificha chini ya vitanda wakisikia kengele inapanda ngazi. Kengele alisema ni uvivu, ni kizazi cha simu, wamezoea kukimbiza vidole tu. Aliyechelewa au aliyekimbia polepole alipewa raundi mbili za ziada, papo hapo, ndani ya ukungu uleule.

Aliyemkosesha usingizi hasa alikuwa Korongo. Huyu alikuwa binti wa mwaka wa mwisho, mwanafunzi wa hisabati, miguu mirefu mpaka kwenye madarasa alikaa kiti cha pembeni apate pa kuinyoosha. Ukutani, ndani ya ukumbi wa mazoezi, palikuwa na ubao wa rekodi za chuo, na mstari wa mita elfu moja na mia tano kwa wanawake haukuwa umeguswa kwa miaka ishirini na saba: dakika nne, sekunde thelathini na nne. Aliyeiweka rekodi hiyo alikuwa mke wa Kengele mwenyewe, ambaye siku hizi ni mjalidi wa vitabu kwenye maktaba ya chuo, mama wa kicheko kizito anayenukia gundi. Korongo aliitaka rekodi ile kuliko alivyoitaka shahada. Mwaka wa kwanza, alipokuwa bado mgeni, alikimbia kwa nne na thelathini na saba, na kila mtu akasema ni suala la muda tu.

Muda ndio huo ulikuwa unakwisha. Mashindano ya vyuo yalikuwa yafanyike hapohapo kwao, wiki nne zijazo, Jumamosi. Baada ya hapo ni mitihani, kisha Korongo anakwenda zake kufundisha, na mwaka mwingine haupo. Badala ya kupungua, sekunde zilikuwa zinaongezeka. Nne na arobaini na tatu. Nne na arobaini na sita. Jumatatu moja akamaliza kwa nne na arobaini na tisa, akainama pembeni akikohoa mpaka machozi yakamtoka.

Kengele alimuuliza kama kapata mchumba. Akasema hana. Akamuuliza kama anakula. Akasema anakula mpaka wenzake chumbani wanamnung'unikia. Basi, Kengele hakuwa na swali la tatu, akampa raundi mbili. Korongo akamtazama kidogo, akazikimbia zote.

Hapo ndipo Kipimo alipojitokeza. Kipimo alikuwa kijana anayesoma mazingira, mwaka wa tatu, miwani minene, mtu ambaye hajawahi kuonekana akikimbia hata kwa mvua. Alikuwa anafanya utafiti wake: amewavisha wanafunzi mia mbili bangili za kuhesabu hatua, na pembeni mwa uwanja amefunga kijisanduku cha kupima vumbi la moshi hewani. Alikuja ofisini kwa Kengele na karatasi moja, akaamkia, akaiweka mezani juu ya mipira, kisha akaeleza kwa adabu zote. Hewa ikichafuka, hatua za wanafunzi zinapungua, wao wenyewe hawajui kwa nini. Wanasema tu leo sijisikii. Hilo, alisema, alilitegemea. Asilolitegemea ni saa.

Alimwonyesha safu ya namba. Kwa kijisanduku kile, hewa ya namba isiyozidi hamsini inafaa kukimbia. Saa kumi alasiri, malori yakiwa yamejaa barabarani, uwanjani ilisoma ishirini na nane, thelathini na mbili, thelathini. Saa kumi na moja alfajiri ilisoma mia moja arobaini, mia moja sitini na tano, siku nyingine mia na tisini.

Kengele akacheka. Akamwambia mwanangu, umeishika karatasi juu chini. Kipimo akasema hapana. Nyuma ya kilima, alisema, kuna tanuri za matofali zinazowaka usiku kucha, na watu wanachoma taka jioni. Usiku hewa ikipoa, moshi wote unashuka na kutuama bondeni kama maji kwenye karai, na haupati pa kutokea mpaka jua liupashe na upepo wa alasiri uuzoe. Kuhusu malori, upepo huohuo unapeperusha moshi wake upande wa pili.

"Mwalimu," alimalizia, "ule si ukungu."

Kengele aliacha kucheka. Alisema kijisanduku ni kibovu, kimenunuliwa kwa bei ya karanga, na kwamba amekuwa mwalimu wa michezo tangu babake Kipimo akiwa na kamasi. Kijana akaondoka taratibu na karatasi akaiacha. Kengele aliisukuma chini ya mpira wa kikapu ili asiione, lakini mpira uliviringika.

Nyumbani alifika amenuna, jambo ambalo mkewe alikuwa hajaliona kwa muda mrefu. Alimsimulia yote, akitaraji waungane kumsema yule mtoto. Mkewe aliendelea kukunja nguo. Akauliza, kana kwamba anauliza habari za chumvi, kama anajua kwa nini maktabani madirisha ya upande wa uwanja hayafunguliwi kabla ya saa nne asubuhi. Kengele hajui. Basi akamwambia. Alianza kuyafunga mwenyewe, mwaka wa tatu sasa, kwa sababu akiyafungua mapema, vitabu alivyovianika vikauke gundi vinapata utando mweusi juu ya kurasa, anapangusa kitambaa kinakuwa kama cha kufutia sufuria.

Kengele alikaa kitandani. "Na hukuniambia?"

"Kukuambia nini, baba watoto? Mimi nilikuwa nashughulikia vitabu. Wewe kila asubuhi unarudi unausifia ukungu wako, unafurahi. Sikuunganisha mambo." Aliliweka shati chini. "Na kile kikohozi chako nilidhani ni umri."

Hilo la umri lilimchoma. Maana Kengele alikuwa na siri. Kila alfajiri, kabla vijana hawajafika, alikimbia raundi moja peke yake na kujipima kwa saa yake ya mbio, kama alivyofanya maisha yake yote ya kazi. Miaka miwili hii alikuwa ameporomoka mpaka dakika mbili na sekunde tano, huku kifua kikifanya kelele. Alikuwa amejiambia ndiyo uzee huo umepiga hodi, na kwa mara ya kwanza maishani akaanza kuwaza kuomba astaafu mapema. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Kesho yake, saa kumi alasiri, wanafunzi wakiwa mabwenini, walishuka wote wawili uwanjani kama wezi. Mkewe alishika saa. Malori yalikuwa yanaunguruma kule juu, na upepo ulikuwa unamvuta gauni. Kengele akajiweka kwenye mstari, akavuta pumzi ili ajiandae kwa ule mkwaruzo wa kila siku kifuani, na mkwaruzo haukuja. Akavuta tena. Kisha akaondoka.

Alipofika upande wa mbali alikuwa anacheka mwenyewe. Miguu ilikuwa ileile, suti ileile, tumbo lilelile, lakini hewa iliingia na kutoka bila kubishana naye. Alivuka mstari akapitiliza mpaka kwenye shimo la kurukia, akageuka.

"Moja na arobaini na nane," mkewe alisema. Akaitazama saa tena asije akawa ameibonyeza vibaya.

Sekunde kumi na saba. Kengele alirukaruka pale mchangani, akamkumbatia mkewe, akamzungusha, kofia ikaanguka. Hakuwa mzee. Miaka miwili mizima alijizika akiwa mzima. Kisha furaha ikamkatikia katikati, akamwachia mkewe, akakaa kwenye mchanga. Alikuwa amemkumbuka Korongo ameinama akikohoa, na raundi mbili alizompa juu yake. Ilimuuma kweli, na wala hakuificha. Alilia pale kwenye shimo la kurukia, na mkewe akamsubiri amalize.

Kesho yake alfajiri kengele haikulia. Vijana tisa waliamka kwa kimya chenyewe, wakashuka uwanjani wakidhani mwalimu kafa. Walimkuta amesimama katikati ya weupe ule na kitambaa cha maktaba mkononi, kimeenea weusi.

"Miaka miwili nimewatoa kwenye usingizi wenu nikawavutisha moshi," aliwaambia. "Nilidhani ni ukungu. Hakuna aliyenituma, nilijituma mwenyewe. Naomba mnisamehe. Leo mtarudi kulala, na mazoezi ni saa kumi alasiri."

Walitazamana. Kulala, hilo walilielewa. Korongo ndiye aliyebaki nyuma, mikono kiunoni.

"Mwalimu, na zile raundi za ziada?"

Kengele alikikunja kile kitambaa. Akasema zile alizompa Korongo atazilipa yeye mwalimu, mbele ya watu wote, siku ya mashindano. Korongo akatikisa kichwa kukubali, bila kutabasamu, kama mtu anayeandikiana mkataba.

Sasa likabaki balaa moja. Ratiba ya mashindano iliweka mita elfu moja na mia tano wanawake saa moja asubuhi, Jumamosi. Na aliyeiandika ratiba hiyo, akapambana na vyuo vingine vitano mpaka vikakubali, akihubiri kikao kizima habari za hewa safi ya asubuhi, alikuwa Kengele. Alikaa ofisini akapiga simu tano, moja baada ya nyingine, na katika kila moja alilazimika kusema kwamba alikosea. Mwenzake mmoja alimcheka dakika nzima. Mwingine alidhani ni ujanja wa kuwachosha wageni. Wa tano aliuliza kama kile kijisanduku kinaweza kuazimwa. Hadi jua linazama mbio zilikuwa zimehamishiwa saa kumi kamili alasiri, na Kengele alikuwa ameloa jasho kuliko aliyekimbia.

Wiki tatu zile uwanja ulifufuka. Siku ya kwanza alasiri walikuja tisa. Ya pili walikuja ishirini, maana habari ya kengele kunyamaza ilikuwa imezunguka mabwenini. Ijumaa walikuwa zaidi ya hamsini, wengine hata si wanariadha, wanatembea tu na kupiga soga, bangili za Kipimo zikihesabu. Kipimo mwenyewe alisimama pembeni akipiga kelele namba za hewa, ishirini na tisa, thelathini na moja, kwa msisimko wa mtangazaji wa mpira. Korongo alirudi kwenye nne na arobaini. Kisha nne na thelathini na nane. Jumanne ya wiki ya mwisho, nne na thelathini na sita, na kikohozi kimekwisha.

Jumamosi ikafika, na upepo haukufika.

Tangu saa sita mchana majani yalikuwa yamelala. Miteremko ilijaa watu, wageni na wenyeji, na juu yao hewa ilikuwa na rangi ya maji ya kunde. Saa tisa Kipimo alisoma mia moja na kumi. Saa tisa na nusu, mia na tano. Saa kumi kasoro dakika kumi wakimbiaji wanane walikuwa wanapasha misuli, na Korongo alimtazama mwalimu wake kwa mbali, mkono mmoja kifuani.

Basi Kengele, mtu ambaye hajawahi kuchelewa hata dakika moja tangu azaliwe, akaanza kuchelewesha. Alitangaza kwamba mstari wa kuanzia haujanyooka, akaagiza upimwe upya kwa futi kamba. Ulipopimwa na kuonekana umenyooka, aliagiza njia ya kwanza ifagiliwe. Ilipofagiliwa, alikagua kamba za raba za kila mkimbiaji, akipiga goti mbele ya mmoja mmoja kama muuza viatu. Watazamaji walianza kupiga miluzi. Mwamuzi mkuu alimwendea na uso umekunjamana akamuuliza anatafuta nini. Kengele akasema anatafuta filimbi yake, huku ikiwa shingoni.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili kofia ya mwamuzi ikamtoka kichwani.

Iliviringika mpaka njia ya tano. Nyasi za mteremko zikainama zote pamoja, vumbi likapanda, likapita, na ile rangi ya kunde ikaanza kuchanika. "Themanini," Kipimo alipaza sauti. "Sitini na nne." Kengele akawa bado kapiga goti kwenye raba ya mkimbiaji wa mwisho, akiifungua na kuifunga. "Arobaini na moja, Mwalimu!"

Kengele akasimama. "Sasa filimbi nimeiona," alisema.

Waliondoka. Korongo alikaa wa tano, akajificha nyuma ya mabega ya wengine, kama walivyopanga. Mzunguko wa kwanza mke wa Kengele, aliyepewa heshima ya kushika saa ya wenyeji, alisema yuko sawasawa. Mzunguko wa pili alisema kachelewa sekunde mbili. Kengele alikuwa anakimbia naye kwa ndani ya uwanja, akikata kona, suti ya machungwa inawaka, mpaka mwamuzi akamfukuza. Korongo akampita mmoja, akampita na mwingine. Mdomo ulikuwa wazi, lakini kifua kilikuwa kinafanya kazi yake bila fujo, na Kengele alikiona hicho kabla ya kuona miguu.

Mzunguko wa mwisho, kwenye mbio hizi, hutangazwa kwa kengele. Aliikwapua ile yake ya shaba iliyokuwa mezani, ileile iliyowatoa watu vitandani miaka miwili, akaigonga kwa mikono miwili. Mabweni mazima yaliitambua sauti ile, watu wakaguna kwanza, kisha wakasimama. Korongo akaisikia. Baadaye alisimulia kwamba mwili ulitaka kujificha chini ya kitanda, na kwa kuwa kitanda hakikuwepo, ulikimbia.

Alimpita wa pili upande wa mbali. Kwenye kona alimfikia wa kwanza, wakaenda bega kwa bega hatua kumi nzima, watu wote wamesimama, Kipimo ameangusha miwani na haitafuti. Kisha ile miguu mirefu ikajinyoosha yenyewe, akavuka mstari peke yake, akaenda mpaka kwenye shimo la kurukia akaangukia mchangani.

Mke wa Kengele aliitazama saa. Akacheka kicheko chake kizito mpaka wa mbali wakageuka.

"Nne na thelathini na tatu," alisema. "Mwanangu, nimeubeba ubao ule miaka ishirini na saba. Njoo unipokee."

Walibebana, waliangushana, kijana wa miwani alibusiwa na watu asiowajua. Kengele alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, anamkumbatia kila anayepita, hata mwenzake aliyemcheka kwenye simu. Hakumwona Korongo akienda mezani. Aliposikia mlio nyuma yake aligeuka, akamkuta binti amesimama, mchanga mpaka kwenye nyusi, kengele ya shaba mkononi.

"Mwalimu," Korongo alisema. "Raundi mbili."

Wale tisa wa alfajiri wakaelewa, wakaanza kupiga makofi ya kufuatana. Kengele aliwatazama wote, akavua filimbi akampa mkewe, akaenda kwenye mstari ambao alikuwa ameupima mara mbili siku hiyo. Korongo akagonga kengele bila huruma. Mzee akaondoka, upepo unamsukuma mgongoni, malori yananguruma kule juu, na alipofika upande wa mbali, mahali ambapo alfajiri alikuwa haonekani kabisa, watu wote walimwona akifungua pua na kuvuta mpaka tumboni.